Mjukuu wa Kwanza wa Bi Riziki

Tatu aliporudi kwao kujifungua, kipimo cha mlangoni kilinusa pumzi yake kikatangaza kwamba bakteria wake si wa nyumba hii tena. Alikuwa ameishi muda mrefu kwa mumewe, Tabora, na vijidudu vya kooni mwake vilikuwa vimegeuka vya huko. Sheria ilimtaka ale kwenye sahani ya peke yake wiki nzima, kwa sababu bakteria wa nyumba mbili wakikutana hubadilishana vinasaba, wakazaa aina ambayo dawa haiiwezi.

Mama yake, Bi Riziki, alipakua wali na samaki wa kupaka kwenye sinia moja.

"Mama, sheria."

"Sheria ndiyo iliyokuzaa? Fungua mdomo."

Akamega tonge, akalitia kwanza kinywani mwake kuhakikisha halina mwiba, kama alivyomfanyia utotoni, kisha akamlisha. Tatu alicheka mdomo umejaa. Hakuwa amejua jinsi alivyolikosa tonge la mama.

Baada ya siku chache Bi Riziki aliamka anakohoa kidogo. Kipimo kikawasha taa ya njano.

"Aina mpya imezaliwa katika nyumba hii. Tafadhali ipeni jina."

Bi Riziki akacheka. "Kilichozaliwa kwangu ni mjukuu wangu. Kiite Mwanahawa, kama marehemu mama."

Kipimo kikashukuru, kikalihifadhi jina.

Tatu alilifunika tumbo lake kwa mikono miwili. Jina hilo alikuwa amemwekea mtoto.