Zipu ya Sketi

Zipu ya sketi ilifika katikati, ikagoma. Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa mwisho.

"Vuta pumzi," mama alimwambia bintiye.

"Nimevuta, mama."

Mama akajaribu tena. Kiganja chake kikagusa tumbo, dogo lakini gumu, na mkono ukabaki palepale.

Nje pikipiki ilinguruma. Alikuwa mfadhili, mzee anayeheshimika, aliyemnunulia binti vitabu, viatu na sketi hiyohiyo, kisha akajitolea kumpeleka shule kwa kuwa ni mbali.

"Mwanangu yuko tayari?" aliita kwa bashasha. "Tusije tukachelewa!"

Binti akamng'ang'ania mama mkono hadi kucha zikazama. "Mama, usinipandishe tena pikipiki yake," alinong'ona.

Mwaka mzima mama alikuwa akimwombea dua mtu huyu, tena kwa machozi.

Akaibana sketi kwa pini. Akavua sweta lake, akamvisha binti, akalivuta mpaka chini ya kiuno.

"Mtihani utaufanya," alisema. "Tutakwenda kwa miguu, mimi na wewe."

Kisha akauchukua mchi uliokuwa kando ya kinu, akatangulia kutoka.