Waliokuja Kumwokoa Mwalimu

Walikuja na viti vyao. Vya plastiki, vyeupe, vina jina la kanisa mgongoni kwa rangi nyekundu, kana kwamba kuna mwizi ambaye angevitamani. Wakavipanga kuzunguka kitanda cha mgonjwa, wakakaa, wakafungua vinywa.

Binti wa mgonjwa alisimama mlangoni na beseni mikononi, akawatazama kama mtu anavyomtazama panya aliyemkuta ndani ya unga.

Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya. Tangu ujana wake mpaka mvi, ndiye aliyewafundisha watu hawa kuimba. Wengi wao, bila yeye, wangekuwa bado wanabweka. Kisha ugonjwa ukaanza kumlegeza misuli, miguu kwanza, mikono baadaye. Kanisa likanunua kinanda cha umeme, likapata mtu wa kukibonyeza, na Mwalimu akabaki kutajwa katika maombi ya jumla, pamoja na wasafiri na wafiwa. Wa kuja kumjulia hali hakuonekana.

Mpaka siku kiongozi wa akina mama alipopita kudai majoho ya kwaya. Alitoka chumbani macho yamemtoka pima. Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba amechoka, na kwamba amemwomba daktari sindano ya mwisho, ya kumpumzisha moja kwa moja. Sheria ilikuwa imeshairuhusu sindano hiyo kwa wagonjwa wasio na tiba, na kanisa lilikuwa likiikemea kila Jumapili. Kabla jua halijazama waumini wote walikuwa na habari. Kesho yake viti vikaingia.

Mtu akiugua, hawana nafasi. Akitaka kutenda dhambi, wanajaa mpaka kwenye ngazi. Binti aliwadharau hadi mate yakamwia machungu. Lakini papo hapo, na hili ndilo lililomuuma zaidi, aliwaombea washinde. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Alipomuuliza baba yake kama ni kweli, mzee alifumba macho tu, akamjibu, "Waache waseme, mwanangu."

Basi wakasema. Mchungaji alisema uhai ni amana, na amana hairudishwi kabla mwenyewe hajaidai. Mwalimu akamuuliza, kwa upole kabisa, kama mwenye amana hapaswi kupita siku moja moja kumwangalia aliyembebesha. Mchungaji akakohoa, akaahidi kulitafakari hilo na kurudi na jibu.

Mzee wa kanisa, shavu limemvimba kwa jino bovu, alieleza kwa kirefu jinsi maumivu yanavyomsogeza mtu karibu na msalaba wa Bwana, na kwamba anayeyakimbia maumivu anamkimbia Yeye. Alipomaliza alimvuta binti pembeni, akamuuliza kwa kunong'ona kama hana kidonge cha kutuliza. Binti akampa kimoja, kile kikubwa cha kukwama kooni. Maji hakumpa.

Kiongozi wa akina mama yeye alileta supu na machozi. Alisema hata yeye, mume wake alipokuwa anateseka, alitamani Mungu amchukue haraka, lakini kutamani ni kitu kimoja na kuamuru ni kingine. Hilo lilimgusa binti. Ndilo neno pekee la maana lililosemwa na mtu kati yao, akachukia kwamba limetoka kwa huyu. Mwalimu alisikiliza, akanyweshwa supu yote, akauliza kesho kutakuwa na nini.

Hatimaye waliileta kwaya nzima. Iliimba nyimbo za toba hadi madirisha yakatetemeka. Mwalimu akakunja uso. Akawaambia sauti ya nne inaburuta miguu kuliko yeye aliyepooza, na kwamba kwa uimbaji ule hata mtu mzima wa afya angeitaka sindano. Waende wakafanye mazoezi, warudi. Wanaume wazima wakainamisha vichwa, wakarudi, wakaimba tena, akawakosoa tena.

Alasiri moja uvumilivu ulimwisha mchungaji.

"Mwalimu, mbona unatutesa hivi? Sema tu umeacha, tumshukuru Mungu, twende zetu."

"Mwende zenu," Mwalimu alirudia polepole, kama anayeonja kitu. Akawatazama mmoja mmoja, kiti kwa kiti. "Hapana, Mchungaji. Bado hamjanishawishi."

Binti hakustahimili. Aliweka beseni chini, akaingia jikoni, akafunga mlango na kumpigia daktari simu. Watu hawa walikuwa wameshindwa, kama alivyojua watashindwa. Sasa alibaki yeye.

"Daktari, najua ni haki yake. Lakini nakuomba, msogezee mbele hata kidogo. Mimi sijawa tayari."

"Nisogeze nini?"

"Sindano. Ile ya mwisho, aliyokuomba."

Daktari alishangaa.

"Baba yako? Huyo hunigombeza nikichelewa hata na dawa za kifua. Hajawahi kuniomba kitu kama hicho, na wala hakijawahi kutajwa."

Binti alishusha simu. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anacheka, na baba yake alikuwa anawahesabia wanakwaya mapigo, moja, mbili, tatu, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu miguu ilipokufa.

Mlango ulifunguka. Mchungaji aliingiza kichwa, jasho likimtiririka.

"Ulikuwa unaongea na daktari, binti yangu? Anasemaje? Kuna matumaini?"

Binti aliitia simu mfukoni.

"Hali ni mbaya, Mchungaji," alisema. "Kesho mje mapema. Na wale ambao hawajafika bado, waleteni."