Mgeni wa Jumatano

Tangu alfajiri Mzee alikuwa akigonga kitanda kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, macho yake dirishani.

"Nimekusikia, baba watoto," mkewe alisema, akijifunga kibwebwe. "Sitakuaibisha mbele ya mgeni."

Kiharusi kilimnyang'anya Mzee sauti mwezi uliopita, siku tatu baada ya kutuma barua yake serikalini. Miaka thelathini alikuwa msaidizi wa maabara ya shule, mtu wa vichupa na lebo, na hakupenda kumpa mtu matumaini kabla ya wakati. Alichoandika hakumwambia yeyote. Jibu lilipokuja, mkewe alilisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno: Nitafika Jumatano. Nikikuta hali ni kama ulivyoeleza, barabara itapitishwa kwingine na nyumba yenu haitaguswa.

Alama nyekundu ya kubomolewa ilikuwa bado ukutani. Mkewe alipiga magoti, akamshukuru Mungu mpaka yakafa ganzi, kisha akashika fagio.

Akafagia ua wote. Akapaka chokaa kizingitini. Likabaki lile lundo chini ya dirisha: majani, maganda na mavi ya sungura, vyote vimeoza, dundu weusi wadogo kama punje za mtama wakijipenyeza humo. Miaka yote Mzee alimkataza kuligusa, eti ni mbolea, na bustani yenyewe hakuna.

"Shoga, mgeni wa serikali umnusishe hilo?" jirani alicheka ng'ambo ya uzio. "Atabomoa leo leo!"

Mkewe akamwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti.

Ndani, Mzee aligonga mpaka mkono ukaanguka. Machozi yalimchuruzika hadi masikioni.

"Ni moshi tu, baba watoto. Utaisha." Akamfuta, akafunga dirisha.

Mgeni alifika saa nne, begi begani, viatu vimejaa matope. Hakutazama kuta wala kizingiti. Alimwamkia Mzee, akaushika ule mkono wake kwa mikono yake miwili, halafu akatoa mfukoni kichupa chenye lebo ya mwandiko wa Mzee. Ndani yake alikuwamo mdudu mmoja mkavu, mweusi, mdogo kama punje ya mtama.

"Mama, dundu hawa tumewatafuta miaka kumi, tukadhani wamekwisha duniani," alisema kwa furaha. "Nikiwaona hai, hata watano tu, hakuna tingatinga litakalokanyaga hapa. Mzee aliandika wanaishi hapa hapa, chini ya dirisha lake."

Akanyoosha mkono kulifungua.