Radhi Ndani ya Mashine

Fundi Badi aliweka kompyuta yake mezani, akakataa kiti.

"Bi Mgeni, sauti ya marehemu mumeo haikufutika. Kosa ni langu."

"Si uliniambia imekwenda?"

"Niliunda programu ya kuigiza ile kompyuta yenu ya zamani iliyokufa, iliyorekodi sauti yake. Kila ikiwashwa, kadi ya sauti, kile kifaa cha kuchezea sauti, hupewa anwani mpya, yaani namba ya kuipata. Mimi nikang'ang'ania ya zamani, nikasikia kimya, nikakata tamaa."

Akabonyeza. Kwenye spika ndogo aliyokuja nayo, marehemu akakohoa, kisha akasema: "Faraji mwanangu, radhi zangu unazo."

Faraji alikuwa ameondoka juzi, baada ya kusikia kwamba sauti ya babake imefutika, akiapa kwamba asiye na radhi hana kwao.

"Subhanallah! Ungesema hujui kama imefutika, Badi, angesubiri."

Bi Mgeni akaibeba spika hadi dirishani, akaielekeza barabara ya stendi, alikopitia Faraji.