Blanketi la Watu Wawili

Dubu alipanda ngazi za jukwaa, akawapita watoto waliomnyooshea mikono, akawapita wasichana wa kushangilia, akaenda kujitupa kwenye blanketi la Bi Darlene Stumbo, upande ule ambao hakuna binadamu aliyethubutu kuukalia.

Ulikuwa upande wa marehemu Verlin. Pale Tolliver mtu hutandika blanketi lake jukwaani tangu mchana wa Ijumaa kushika nafasi ya mechi ya usiku, na hata mwizi wa magari halisogezi. Verlin alizikwa Aprili, lakini Darlene aliendelea kutandika la watu wawili. Majirani waliogopa kukaa. Dubu, mwanafunzi ndani ya vazi la manyoya la kuchangamsha mashabiki wa shule, hakuogopa. Tangu mechi ya kwanza ya msimu alikuja kila Ijumaa, akamlaza mjane yule begani kichwa chake kikubwa cha manyoya, na Darlene, ambaye nyumbani alikuwa ameanza kuongea na friji, akacheka.

"Umeona?" alimwambia Wanda, shoga yake wa safu ya nyuma. "Huyu ndiye mtoto aliyelelewa na shule ya umma. Hao wa masista wanajua kumkumbatia mtu? Wanajua kufunga tai tu."

Hao wa masista walikuwa wanafunzi wa Ashgrove, shule ya kulipia iliyo juu ya kilima, yenye maua mengi na isiyo na uwanja hata wa kufukuzia kuku. Msimu huu bodi ya elimu, kwa busara yake isiyo na mipaka, iliwaruhusu kwa majaribio kujiunga na michezo na shughuli nyingine za shule ya umma ya Tolliver. Wakajiandikisha wanne. Mmoja akawa mpiga mikwaju wa timu ya futiboli ya Kimarekani, na Colby, mjukuu wa Darlene, aliyekuwa mpiga mikwaju, akawa mtaalamu wa kukalia benchi.

Hilo Darlene hakulimeza. Ni kweli mikwaju ya Colby ilikuwa imeshavunja taa mbili za maegesho, lakini taa zilikuwa zetu na mguu ulikuwa wetu. Akazunguka kukusanya saini za kuwafukuza wageni: dukani, saluni, kanisani, hata msibani kwa watu.

"Lakini bibi, yule jamaa anapiga vizuri," Colby alisema. "Tunashinda."

"Kushinda kwa mguu wa kuazima?"

"Na mimi wala sioni shida. Benchi lina hita."

"Nyamaza. Unaonewa na hujui."

Kilichomkera zaidi ni hesabu. Uwanjani aliwaona watatu: mpiga mikwaju na mabeki wawili wanene.

"Wa nne yuko wapi?" alimuuliza Wanda.

"Labda yuko kwenye chesi."

"Chesi! Amechukua nafasi ya mtoto wetu na hata kuonekana haonekani." Akamgeukia Dubu. "Eti wewe, unamjua?"

Dubu akainua mabega, akanyoosha kiganja. Darlene akampa mkate wa soseji ya peperoni aliouoka mwenyewe. Kama kawaida yake, Dubu akajipapasa kwanza, juu, chini, huku na huku, ndipo akaupenyeza mkate kwenye mdomo wa vazi.

"Masikini, manyoya yanamwasha," Darlene alisema, akamwongezea wa pili.

Nani alikuwa mle ndani? Hakuna aliyeuliza. Ndiyo mila ya Tolliver: Dubu hujulikana kwa mkuu wa shule peke yake, mpaka mechi ya mwisho ya nyumbani. Siku hiyo, wakati wa mapumziko, Dubu humwendea mtu mmoja aliyemchagua, hupiga goti mbele yake na kuvua kichwa. Watu wazima na ndevu zao wamewahi kulia kwa kutochaguliwa. Darlene hakumwambia mtu, lakini alikuwa amefuma skafu ya rangi za shule kwa ajili ya shingo ya mtoto asiyemjua. Tangu Aprili hakuwa ametamani kitu kama alivyoitamani Ijumaa hiyo.

Bodi ilipiga kura kuhusu wageni hao Alhamisi, siku moja kabla. Darlene alimaliza muda wake wa kuzungumza, akaanza wa wenzake.

"Waliamua kuiacha shule yetu," alisema. "Basi watuache vizuri."

Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Bodi, iliyokumbuka ghafla kwamba uchaguzi umekaribia, ikawaondoa watoto wa Ashgrove kuanzia usiku huohuo.

Ijumaa Colby alirudi kwenye mikwaju. Wa kwanza uliingia moja kwa moja kwenye tarumbeta kubwa la bendi. Kufikia mapumziko Tolliver walikuwa wanafungwa vibaya, lakini walifungwa kwa miguu yao wenyewe, na Darlene aliwapigia makofi. Kisha akajiweka sawa nywele, akatoa skafu mkobani, akapangusa makombo upande wa Verlin.

Mtangazaji akamwita Dubu. Bendi ikapiga ngoma. Mtangazaji akaita tena, na bendi ikapiga tena, safari hii kwa aibu kidogo.

Aliyepanda ngazi ni mkuu wa shule, Mwalimu Ratliff, amekumbatia kichwa cha manyoya. Akakiweka taratibu kwenye blanketi, upande ule mtupu.

"Mtoto anaumwa?" Darlene akauliza. "Mwalimu, niambie, anaumwa?"

"Mzima kabisa, Bi Darlene. Alikuwa amekuchagua wewe. Ameniomba nikwambie asante kwa mikate." Mwalimu akavua kofia yake. "Ila jana mliwaondoa wote wanne."