Bwana Wako Amekuja

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Asiyeamini shauri yake.

Dobi mmoja, aliyeitwa Bubu kwa utani, alimkimbia mumewe, akaanza kusali. Alimpenda Yesu, tatizo lilikuwa neno "bwana". Waumini wakimsalimu, "Bwana asifiwe!" yeye alikaza midomo. Bwana aliyemjua ndiye aliyemvunja kidole, kikaunga kimepinda. Wa kusifiwa yule?

"Usijilazimishe, mwanangu," shangazi yake alimwambia. "Mungu anakusikia hata ukinyamaza."

Basi asubuhi moja, yuko kazini anapiga pasi, mume huyo akaziba mlango.

"Bubu! Fungasha twende. Bwana wako amekuja."

Wafuaji wenzake wakainamia mabeseni. Bubu akakitazama kidole chake kilichopinda. Kilikuwa kimeshika mpini wa pasi barabara.

"Amekuja?" akauliza. "Bwana wangu hajawahi kuniacha hata siku moja. Wewe ni nani?"

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu wewe." Akavuta pumzi, na neno lililomkwama miezi yote likatoka lenyewe: "Bwana asifiwe!"

"Amina!" wakaitikia wafuaji, wakainuka, povu likiwachuruzika viwikoni.

Sauti ile ilidondosha vifungo vya mashati yote kambani, na mume yule akatoka mbio, kiatu kimoja mkononi.

Bubu mwenyewe amesoma haya niliyoandika, ananicheka. "Babu, vifungo gani? Na alitoka akitembea!"

Haya, nimekamatika. Adhabu ya kutia chumvi: leo mashuka yake nayakunja mimi.