Barabara Iliyopiga Hodi

Sheria ilipotaka barabara zote ziwe kimya, zege lilitengenezwa upya hadi magari yakawa yanapita kama paka. Bi Mwanamkuu, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alinusurika kugongwa mara mbili akivuka kwenda kwa jirani.

Basi binti yake Mwanasaumu, fundi wa kuchonga kwenye zege mifereji myembamba inayoyatoa matairi sauti, akaomba kibali, akapewa. Alirekodi sauti yake mwenyewe, akaigeuza kuwa mifereji, akaichonga barabarani mbele ya nyumba ya mama yake. Gari la kwanza lilipokanyaga pale, matairi yakatamka wazi kabisa, "Hodi, mama!"

"Karibu, mwanangu!" Bi Mwanamkuu akaitika, na mtaa mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko.

Tangu siku hiyo hakuna gari lililomkaribia bila yeye kujua, wala hakukaa mpweke. Madereva waliokaribishwa hivyo waliona haya kupita tu. Walisimama, wakala vitumbua, wakamwita mama. Mwanasaumu, aliyekuwa akichonga barabara za mikoa ya mbali, alisimuliwa hayo kwa simu akacheka hadi machozi.

Alipopata likizo, alishuka njia panda, akapita vichochoroni kwa miguu ili amshtukize mama yake. Nyumba ilinukia iliki na ilijaa vicheko.

"Hodi, mama!"



"Karibu, mgeni," Bi Mwanamkuu akaitika kwa bashasha. "Ingia ule. Mwanangu ameshafika tangu asubuhi, nimemsikia barabarani."